Kitu cha kuokota na sentensi moja: mwongozo wa kutengeneza kazi yako ya kwanza ukiwa Moshi

Maswali yanayonifikia kuhusu hii sanaa ya kuweka sentensi moja kwenye kitu kilichotumika ni yale yale, nianzie wapi, hivi vitu unavitoa wapi, unaandika kwanza au unatafuta kitu kwanza, rangi gani inashika kwenye chuma, na lile kubwa kuliko yote, kwani hii nayo ni sanaa wakati hujachora chochote? Nimeona nijibu yote sehemu moja, ili ukimaliza kusoma ubaki na kazi ya kufanya kesho asubuhi na sio maneno ya kubishana nayo tu. Mifano mingi ni ya Moshi maana ndo ninapofanyia kazi, ila chalii wa Arusha anaweza kufuata hatua hizi hizi akabadilisha majina ya masoko.

Kuhusu lile swali kubwa ntasema kidogo alafu tuingie kazini. Mwaka 1917 kule New York, Marcel Duchamp alichukua choo cha kukojolea cha wanaume, kile cha dukani kabisa, akakilaza, akaandika jina la kubuni "R. Mutt" na mwaka, akakipeleka kwenye maonyesho. Kikakataliwa, na mpaka leo watu wanakijadili. Mwaka 1965 Joseph Kosuth akaweka kiti, pembeni picha ya kiti hicho hicho, na pembeni tena maana ya neno kiti kutoka kamusi. Huku kwetu Afrika, Romuald Hazoumè wa Benin anatengeneza sura za watu kwa madumu ya petroli, na Msumbiji baada ya vita kuisha 1992 wasanii walichukua bunduki zilizosalimishwa wakaunda sanamu, mojawapo ni kiti cha enzi cha mwaka 2001 cha msanii anayeitwa Kester. Na bado hujamfikia bibi yako. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na huyo bibi anajua kabisa siku gani avae ipi apite mbele ya nyumba ya nani. Kitu cha kila siku, sentensi moja, na namna ya kukionyesha. Kwa hiyo usije ukaona aibu kwamba unaiga wazungu, sehemu kubwa ya hii kazi umeikuta nyumbani.

Jambo moja tu nataka ulishike kabla ya yote: KITU NA MANENO VISISEME JAMBO MOJA. Kitu kinasema lake, maneno yanasema lake, na anayeangalia ndo anaunganisha. Kazi nyingi za wanaoanza zinafia hapo tu, kitu kinasema "nimechoka" alafu maneno nayo yanasema "nimechoka".

Andaa hivi kwanza

- Kijitabu kidogo na kalamu, kile cha mfukoni
- Simu yenye kamera, hata iwe ya kawaida
- Futi kamba na rula ya chuma
- Kisu cha kukatia karatasi au wembe mpya
- Filamu za zamani za eksirei, kama una ndugu anazo ndani hana kazi nazo. Hizi ndo stensili (yani kile unachokata matundu ya herufi ili rangi ipite) nzuri kuliko manila maana hazilowi. Ila kata sehemu isiyo na jina la mgonjwa
- Rangi ya mafuta kopo dogo, nyeusi au nyeupe, usianze na rangi tano
- Kipande cha sponji la godoro
- Msasa laini na brashi ya waya
- Msumari wa inchi 3 na nyundo
- Sindano ya magunia na uzi wa katani
- Glavu na barakoa

Sio lazima uwe na vyote siku ya kwanza. Kijitabu ndo lazima.

Hatua ya 1: Tembea bila kununua

Toka na kijitabu, zunguka, andika kila maandishi unayokutana nayo mtaani kama yalivyo, na makosa yake ya herufi. Nyuma ya Hiace, ubavuni mwa guta, kwenye mlango wa kinyozi, kwenye gunia, kwenye ukuta ulioandikwa usikojoe hapa, kwenye geti lenye mbwa mkali, kwenye nyumba iliyoandikwa "Nyumba hii haiuzwi". Usichague, wewe andika tu. Pita Double Road, ingia Mbuyuni, shuka stendi, siku nyingine panda mpaka Kibosho au Marangu maana kule maandishi ni mengine kabisa, utakuta ya makanisani, ya vyama vya msingi vya kahawa, ya makaburini kwenye vihamba, yale mashamba ya ukoo ya Wachaga (ya makaburini yasome tu kwa heshima, usiyapige picha bila kuomba).

Kwanini tunaanza na maneno ya wengine? Maana ukikaa chumbani ukijiambia sasa naandika sentensi ya sanaa, itatoka sentensi ya hotuba. Mtaani watu wanaandika kwa sababu wana shida ya kweli, wanataka deni lilipwe, wanataka nyumba isitapeliwe, na ndo maana sentensi zao ni fupi na zina nguvu.

Hatua ya 2: Tafuta kitu kimoja kilichotumika

Kimoja. Najua utatamani kubeba vitano. Nenda kwa wauza skrepa, nenda Kiboriloni na Memorial huku ukijua kule kumejaa nguo zaidi ila pembeni vitu vingine vinapatikana, nenda kwa mafundi baiskeli, alafu mwisho angalia stoo ya nyumbani kwenu kwa sababu mara nyingi kitu bora kiko huko.

Unatafuta kitu chenye alama ya mkono. Mpini uliolika upande mmoja, sufuria lililozibwa na fundi, kiti chenye mguu uliofungwa waya, debe la kupimia lililobonyezwa, tranka la shule ya bweni lenye jina lililofutwa likaandikwa lingine juu. Kitu kipya cha plastiki kilichotoka dukani jana ni kigumu sana kwa anayeanza, kinaweza kufanya kazi ila kinataka sentensi ya mtu mzoefu. Na kaa mbali kidogo na pasi ya mkaa. Ni nzuri, najua, ila kila anayeanza anaichukua na sasa ukiiona tu unafikiri "zamani" na mawazo yanaishia pale.

Vitu vya KUTOGUSA, soma hii sehemu mara mbili:

Bomba la kupulizia dawa ya kahawa. Linavutia sana kwa macho, lile la shaba limepigwa kijani na mrututu, ila limekaa na sumu miaka na miaka na huwezi kujua ndani lilipita nini. Vile vile madumu na makopo ya dawa za shamba. Betri za gari, zina risasi na tindikali. Tyubu za taa ndefu, zina zebaki. Bati za zamani za asbesto, zile nene za kijivu zinazovunjika kama kigae, usizikate wala kuzisugua.

Vibao vya barabarani, vyuma vya reli, nyaya za umeme, mifuniko ya mitaro. Hata kama umekuta kimelala chini mtaroni usikibebe, ni mali ya umma na utaingia matatizoni na mtu anaweza kuumia kwa sababu kibao hakipo. Kipige picha.

Pembe, ngozi, mifupa, kucha na manyoya ya wanyamapori. Tuko karibu na mbuga na utauziwa kirahisi kabisa, kataa, bila kibali ni kosa kubwa. Noti za benki usizichore. Bendera na nembo ya taifa zina sheria zake, anayeanza aziache.

Na sale. Wewe mgeni wa Kilimanjaro unaweza kuliona ni jani tu la mpakani, ila kwa Wachaga linaombea msamaha, linasimama kwa mambo mazito ya ukoo. Vitu vya tambiko na vya kaburini vinahitaji wazee wakubali kwanza, na wakikataa basi.

Hatua ya 3: Ongea na mwenye nacho

Hapa watu wanaruka na ndo hatua ninayoipenda kuliko zote. Kitu hata kama kinauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, kimetoka kwa mtu. Msalimie vizuri, kama ni mkubwa wako shikamoo kwanza na kaa kidogo, usimfikie na simu imeshawashwa. Mwambie wazi: "Mama, mimi natengeneza sanaa kwa vitu vilivyotumika, naomba kununua hili sufuria, na ukiwa na nafasi uniambie lilikuwa la kazi gani." Lipa bei ya haki. Usimpunje mtu kwa sababu yeye anaona ni takataka na wewe unajua utaliweka ukutani.

Muulize haya, alafu andika kama anavyosema yeye, usimnyooshee Kiswahili:

Lilikuwa la nani kwanza? Lilifanya kazi gani? Liliharibikaje? Mlikuwa mnaliitaje nyumbani? Kwanini hamkulitupa mpaka leo?

Hilo swali la mwisho ndo linatoa maneno. Na muombe ruhusa kama utatumia alichosema. Akikwambia hapana hiyo usiiandike, hiyo huiandiki, kazi itapona bila hiyo sentensi. Kama umepata daftari la madeni la duka la Mangi, lile la kopi lenye kurasa zimejaa majina na sukari nusu, majina ya watu yafunike yote kabla hata ya kupiga picha, deni la mtu ni siri yake.

Hatua ya 4: Safisha kidogo tu

Toa mavumbi, toa mafuta yanayonata, toa kutu inayodondoka kwa brashi ya waya. Basi. Usisugue sufuria mpaka ling'ae, usipake vanishi kiti kizima, usipige rangi "lipendeze". Lile giza la masizi, ule mkwaruzo, ndo ulichonunua. Kama kuna rangi ya zamani inabanduka vaa barakoa na usiipige msasa mkavu, rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi. Lowesha kwanza, na zuia watoto wasije pale.

Gunia lianike juani kabisa siku nzima, geuza. Mbao igonge gonge uangalie kama inadondosha unga mlaini, ikidondosha ina bungua na usiiingize ndani mpaka umeitibu.

Hatua ya 5: Kaa nacho

Kiweke sehemu unayopita kila siku, karibu na mlango au karibu na unapokula chai. Usikiwekee maneno bado. Angalia wageni wanakifanyaje, kuna atakayekisogeza, kuna atakayekikalia, kuna mama atauliza umekitoa wapi hiki tulikuwa nacho. Andika yote kwenye kijitabu. Kwa wengine hii inachukua wiki, kwa wengine zaidi, na ukiona hata wewe umeshakizoea hukioni tena, jua hicho kitu sio chenyewe, rudi hatua ya 2 bila huzuni.

Hatua ya 6: Andika sentensi nyingi, baki na moja

Sasa kazi yenyewe. Kaa chini uandike sentensi kama thelathini za kitu hicho kimoja. Za kwanza kumi zitakuwa mbaya, ziache zitoke, zinatakiwa zitoke ili ziondoke.

Tuchukue mfano tuende nao. Umepata sufuria la mama lishe, lile kubwa, kitako kimetoboka tundu unaloweza kupitisha kidole, na pembeni kuna kiraka cha fundi. Anayeanza ataandika:

"Maisha ni magumu." Hapana. Sufuria lenyewe limeshasema, tena vizuri kuliko wewe.

"Sufuria lililolisha wengi." Hapana. Hayo ni maelezo ya chini ya picha.

"Mama ni mama." Hapana. Ni kweli, ila imeshasemwa mpaka haisikiki, mtu anaisoma bila kusimama.

"Watu 14." Hapa tumefika mahali. Hesabu tupu, haina hisia, na mtu anaanza kujiuliza 14 wa nini, wa siku moja, wa familia, waliobaki au walioondoka.

"Chakula chako kiko jikoni." Hii ndo yenyewe. Kila mtu aliyelelewa huku ameshawahi kuchelewa kurudi nyumbani akaambiwa hivyo kutoka chumbani taa ikiwa imezimwa. Sasa iko kwenye sufuria lenye tundu. Haijatajwa njaa, hajatajwa mama, haijatajwa huruma, na vyote vitatu vipo. Mwingine ataona mama aliyetunza, mwingine ataona ahadi iliyovuja, na wote wako sawa.

Umeona tofauti? Sentensi iliyoshinda hata haiongelei sufuria.

Aina za maneno zinazofanya kazi kwa urahisi: agizo ("Vua viatu"), hesabu na tarehe, swali ambalo linasubiri jibu kweli, na ile sentensi ya nyumbani ambayo mtu anaisema bila kufikiri. Na kuna maandishi ya kuhamisha, yani unachukua tangazo kutoka mahali pake unaliweka pasipo pake. Chukua "Nyumba hii haiuzwi" kutoka kwenye kijitabu chako cha hatua ya 1 uliandike juu ya lile tranka la bweni. Sitalielezea, liangalie mwenyewe kichwani.

Methali nazo watu wananiuliza. Methali ina ladha ila imeshamaliza kazi yake kabla haijakufikia, imekuja na jibu. Ukiitumia ikate katikati, andika nusu ya kwanza tu, msomaji amalizie. Kuna atakayeimalizia vingine na hapo ndo patamu.

Lugha: andika kwa lugha ambayo kile kitu kilikuwa kinaisikia. Kinu kilichokaa Rombo maisha yake yote hakikuwa kinaambiwa Kiswahili. Ila kama utaandika Kichaga jua Kimachame sio Kirombo na Kirombo sio Kivunjo, mpelekee mzee wa huko akusomee kabla hujagusa rangi. Kiingereza tumia kama kitu chenyewe kimekuja nacho, mfano maandishi ya kwenye gunia la kahawa la kwenda nje. Usikiweke ili mtalii aelewe, mtalii ataelezwa.

Urefu: maneno saba kushuka chini. Sio sheria, ila ukivuka saba ujue unaelezea.

Hatua ya 7: Jaribu kwa karatasi kwanza

Andika sentensi yako kwenye karatasi, kata, bandika kwa selotepu juu ya kitu. Rudi nyuma mpaka mlangoni. Badilisha ukubwa, shusha chini, weka ndani ya mdomo wa sufuria, weka kitakoni pale mtu mpaka ainame. Kwa makadirio ya watu wa vibao, kila mita 3 za umbali herufi iwe na kimo cha kama sentimita 2.5. Kama unataka mtu asogee, fanya ndogo zaidi makusudi. Kumfanya mtu ainame ni sehemu ya kazi, anayeinama anasoma tofauti na aliyesimama.

Mwite mtu mmoja asiyejua unachofanya, dada wa jirani au fundi wa pale nje, asome. Usimuelezee. Akisema "mmh" akanyamaza alafu akaanza kukuhadithia jambo la kwao, sentensi imeshika. Akisema "umeandika vizuri" endelea kutafuta.

Hatua ya 8: Weka maandishi kwenye kitu

Njia inategemea kitu na inategemea nani anaongea kwenye hiyo sentensi. Tangazo liwe la stensili. Sentensi ya nyumbani iwe ya mkono.

*Stensili kwenye chuma na mbao.* Chora herufi kwenye eksirei, kata kwa wembe mpya ukilaza juu ya kioo au ubao. Herufi A, B, D, O, P, Q na R zina kitobo ndani, usipoacha vidaraja viwili vidogo kitobo kitadondoka na utabaki na doa. Bandika kwa selotepu, chovya sponji kwenye rangi kidogo SANA, ligonge kwanza kwenye gazeti likaukie, ndo ugonge kwenye stensili. Kugonga, sio kupaka. Ukipaka kwa brashi yenye rangi nyingi itapita chini na herufi zitaota ndevu.

*Msumari kwenye bati na debe.* Weka kipande cha mbao nyuma, gonga nukta nukta kufuata mstari wa kalamu. Inachukua muda, mkono utauma, ila taa ikiwekwa nyuma maandishi yanawaka ukutani. Kingo zinakata, vaa glavu.

*Uzi kwenye gunia.* Sindano ya magunia, uzi wa katani, mshono wa mbele na nyuma tu unatosha. Kama gunia lina maandishi yake ya uzito na nchi, usiyafunike, shona yako pembeni yaongee nayo. Mkoa huu watu walisomesha watoto kwa kahawa, ushirika wa KNCU uko toka 1933, kwa hiyo gunia la kahawa likiingia chumbani linaingia na ukoo mzima, halihitaji ulisaidie kwa sentensi nzito. Weka nyepesi.

*Moto kwenye mbao.* Chuma chembamba kikipashwa moto kwenye jiko la mkaa, andika taratibu, nje ya nyumba, ndoo ya maji pembeni. Mbao iliyopakwa rangi au dawa usiichome, moshi wake ni mbaya.

Na kama una bahati ya kumjua fundi wa kuandika vibao kwa mkono, wale wa brashi, nenda ukakae naye. Wamebaki wachache kwa sababu kila duka sasa linachapisha bango la mashine, na mkono wao una mwendo ambao kompyuta haina. Mlipe aandike sentensi yako, na jina lake liwe kwenye kibandiko cha kazi pamoja na lako. Hiyo haipunguzi kazi yako hata kidogo.

Hatua ya 9: Kiweke mahali

Jumba la maonyesho sio lazima. Saluni ya kinyozi, veranda, ukumbi wa parokia, ukuta wa hoteli ya rafiki. Omba ruhusa ya mwenye pahala. Urefu wa katikati ya kazi ya ukutani uwe kama mita 1.5 kutoka chini, hapo macho ya wengi yanafika, ila kitu kilichoishi chini kama kinu au jiko kiache chini. Kitu kimoja kwenye nafasi kubwa. Ukijaza, wanaona stoo.

Ukipata nauli panda gari mpaka Arusha uingie Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale karibu na mnara wa Mwenge, uangalie namna vitu na hati za 1967 zilivyokaa pamoja, wapi karatasi inaongea, wapi kitu kinaongea. Ni darasa zuri la bei ndogo.

Hatua ya 10: Kibandiko na kumbukumbu

Jina la kazi, mwaka, kitu ni nini na kimetoka wapi, jina lako, jina la fundi. Maelezo ya "msanii alimaanisha" usiweke. Piga picha mwanga wa asubuhi au jioni, moja ya mbali, moja ya karibu ya herufi, na tunza kurasa za kijitabu. Ukianza kuonyesha na kuuza kwa umakini fuatilia usajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na haki za kazi yako COSOTA (ofisi ya hakimiliki).

Makosa ninayoyaona sana

Kuunganisha vitu vingi mpaka hakuna kinachosikika. Kuandika jina la tatizo, yani "rushwa", "ufisadi", "umaskini", herufi nyekundu. Kuchana au kuvunja kitu makusudi ili kionekane cha zamani, mtu anayejua vitu anaiona hapo hapo. Kutumia viatu vya watoto na madoli ili watu walie. Kubandika kwa gundi ya haraka kitu kizito, tumia waya au parafujo. Na lile la kwanza nililosema juu, maneno kurudia kitu, nalirudia kwa sababu na wewe utalifanya.

Ikikwama

*Rangi inabanduka kwenye sufuria.* Kuna mafuta. Osha kwa sabuni pale tu pa herufi, piga msasa laini pale tu, futa, kaukisha, ndo upake rangi.

*Rangi haishiki kwenye dumu.* Plastiki ile haipendi rangi hata ufanyeje, itakaa mwezi ibanduke. Toboa herufi kwa msumari au shonea kipande cha kitambaa chenye maandishi.

*Gunia limeota ukungu.* Kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, ni kawaida. Lipeleke juani, brashi kavu nje ukiwa na barakoa, na usilibane ukutani, acha nafasi hewa ipite nyuma.

*Chuma kinaendelea kula kutu.* Vanishi isiyong'aa, tabaka jembamba, baada ya maandishi kukauka. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana maana inaweza kufanya rangi ya chuma iwe nzito.

*Watu wanapita hawasomi.* Angalia mwanga kwanza kabla hujalaumu sentensi. Alafu angalia kama maandishi yako yanafanana na matangazo ya pale pale ukutani, kama yanafanana hamisha kazi.

*Wanasoma wanacheka wanaondoka.* Sentensi ina jibu ndani yake. Ondoa neno la mwisho uone.

*Wanasema hata mimi naweza.* Mwambie karibu, mpe kijitabu, mtembee wote hatua ya 1. Wengine wanakuja kweli na wanaona vitu ambavyo wewe hujaviona.

*Mama aliyeniuzia anataka kitu chake.* Mrudishie. Una picha, una sentensi, na sentensi hiyo inaweza kutafuta kitu kingine.

*Mnunuzi anataka sufuria ila anasema futa maandishi, au anataka maandishi kwenye bango jipya bila sufuria.* Hii inatokea zaidi kuliko unavyofikiri, hasa kwa wenye hoteli. Kataa kwa adabu, mwambie hiyo ni kazi moja haigawanyiki, na kama anahitaji sufuria peke yake muelekeze Mbuyuni kwa mama uliyenunua kwake, huenda bado anayo mengine.